Ni Hewa Tu, Itatoka Yenyewe

Iringa, 7 Machi 1976

Mjomba Anania, shikamoo.

Nakuandikia nikiwa nimeketi kwenye ngazi za nyuma za zahanati, mikono inanuka petroli, kwa hiyo usishangae karatasi ikikufikia na madoa. Mimi mzima. Mvua za huku zimezidi, barabara za vijijini zimekuwa uji. Nyumbani kwako wote nawasalimu, hata yule mbuzi aliyekula kitambaa changu Krismasi. Mama ameniandikia kwamba Baba anaendelea na ulinzi wake pale kwenye mashine ya mpunga Chimala, na kikohozi kimempungua.

Mjomba, nina shida ya kifundi. Landrova ya zahanati inachemka. Kwenye tambarare haina neno, lakini tukianza kupanda kutoka Ipogolo kwenda mjini, geji ya joto inakimbilia juu na maji yanamwagika chini. Imenifanyia hivyo mara mbili, na mara zote nilikuwa nimebeba wajawazito wa kupeleka hospitali. Bwana Sedekia, msimamizi wetu wa magari, anasema naiunguza kwa kuilazimisha gia. Unajua mimi ndiye mwanamke pekee mwenye ufunguo wa gari hapa, tangu nilipotoka Jeshi la Kujenga Taifa na leseni yangu. Amesema ikichemka tena, ufunguo atampa mwingine.

Naiendesha kama Baba alivyonifundisha nilipokuwa mdogo: kabla ya mlima nalegeza kifuniko cha rejeta kidogo ili gari lipumue. Baba mwenyewe sikumwuliza. Ukimtajia magari anainuka na kwenda kutazama kuku. Basi nakuuliza wewe uliye fundi.

Mpwa wako,
Atuganile

*

Mwanjelwa, Mbeya
20 Machi 1976

Mpwa wangu Atuganile, marahaba sana.

Barua imefika na madoa yake kama ulivyoahidi, nikainusa nikajua ni petroli kweli. Sisi hatujambo. Mbuzi unayemsalimu tulimla Februari, kwa hiyo salamu zako zimechelewa. Baba yako nilimwona Jumapili ya kwanza ya mwezi, kama kawaida yangu ya kwenda Chimala. Tulikunywa chai, tukazungumza habari za mpunga. Yu mzima.

Sasa sikiliza. Kile kifuniko usikilegeze tena! Hiyo ni desturi ya madereva wa malori ya zamani, ambayo vifuniko vyake vilikuwa vifuniko tu kama vya sufuria. Chako kina springi, na springi ile ina kazi. Huku kwetu milimani maji huchemka mapema, kabla hayajapata moto wa kutosha. Bibi yako kule Uporoto alikuwa anainjika maharage asubuhi, na jioni bado yanagonga meno. Kifuniko kikiyabana maji, hayachemki upesi. Ukikilegeza, umeyapa ruhusa. Kitazame pia ule mpira wake wa ndani; kama umekakamaa au umekatika, tafuta kingine.

Pili, nadhani mna hewa ndani. Je, kuna mtu alibadilisha mpira wa maji au kumwaga maji siku za karibuni? Maji yakijazwa kwa pupa, hewa hujificha humo na kuyazuia yasizunguke. Injini ikiwa baridi kabisa, egesha gari pua ikitazama kilimani ili mdomo wa rejeta uwe juu kuliko vyote. Mimina maji polepole kama unayemnywesha mgonjwa, na kwa mkono mwingine ukamue mpira wa juu, ule unaoleta maji ya moto kwenye rejeta. Utasikia yanagugumia. Kisha washa, acha kifuniko wazi, na injini ikipata moto maji yatashuka ghafla. Hapo ongeza, ufunge.

Usihangaike. Ni hewa tu, itatoka yenyewe.

Mjomba wako,
Anania

*

Iringa, 11 Aprili 1976

Mjomba, shikamoo, na pole kwa ajili ya mbuzi.

Huku baridi imeanza kunyemelea. Sista Leokadia, mkunga wetu, ameniazima sweta lake la pili, linanifika magotini. Mama anasema mpunga wa Usangu umekubali mwaka huu.

Nilifanya yote. Kweli mpira mmoja ulikuwa umebadilishwa Januari, na maji yalijazwa kwa haraka. Hewa ilitoka kwa kugugumia kama ulivyosema, hata nikacheka peke yangu. Kifuniko nacho mpira wake ulikuwa umekatika robo nzima, nikapata kingine. Wiki mbili gari lilipanda Ipogolo na geji ikatulia katikati. Nilijiona fundi.

Jumanne iliyopita likachemka tena. Nyuma alikuwemo mama wa mimba ya kwanza, uchungu umeshamkaza. Nilisimama kando ya barabara nikiomba injini ipoe, na Sista Leokadia akamzalisha humo humo kwenye gari, mimi nimeshika khanga kuziba dirisha. Mtoto analia vizuri. Lakini mama alivuja damu sana, na tulipofika hospitali daktari alitutazama kwa namna ambayo sitaisahau. Bwana Sedekia amenipa barua ya onyo. Nilipoisoma, Mjomba, nilikuwa namfikiria yule mama, si onyo.

Nimeona jambo jingine. Asubuhi, gari limelala usiku kucha na injini ni baridi kama jiwe, mpira wa juu bado ni mgumu. Nikifungua kifuniko, maji yananirukia. Nikiwasha, mpira unavimba kabla injini haijapata hata uvuguvugu. Presha hiyo inatoka wapi wakati moto bado? Na ikiwa si hewa iliyobaki, wala si kifuniko, kimebaki nini?

Jambo la pili. Mama aliwahi kusema kwamba asubuhi ile lori alilokuwa akiendesha Baba lilipofia kwenye mlima wa Chunya, akapoteza kazi, wewe ulikuwepo pale yadi lilipoondoka. Lilikuwa na dalili kama hizi?

Atuganile

*

Mbeya, 9 Mei 1976

Mpwa wangu, marahaba.

Nisamehe kuchelewa. Mafua yalinishika, kisha tukavuna maharage, kisha dirisha la gereji likavunjwa na upepo. Kumekuwa na ukungu huku hata mlima Loleza hatuuoni. Hongereni kwa mtoto, mpe Sista salamu zangu.

Kuhusu gari, safisha rejeta kwa ndani, huenda matope yameziba. Na ile tomosteti, kile kidude kinachofungua njia ya maji injini ikipata moto, itoe uichemshe kwenye sufuria uone kama inafunguka. Mkanda wa feni nao usiwe umelegea.

Karatasi imekwisha.

Anania

*

Iringa, 30 Mei 1976

Mjomba, shikamoo.

Karatasi yako haikwisha. Ulibakiza nusu ukurasa mweupe, ninao hapa.

Umenijibu maswali ambayo sikuyauliza. Rejeta nimeisafisha. Tomosteti inafunguka. Mkanda umekaza. Nilikuuliza presha inatoka wapi wakati injini ni baridi, ukaniambia habari za dirisha. Nilikuuliza kuhusu lori la Baba, ukaniambia habari za ukungu. Wewe ndiye uliyemfundisha kila fundi wa Mwanjelwa, usiniambie hujui.

Ufunguo nimenyang'anywa. Landrova imesimama chini ya paa la mabati, na Bwana Sedekia amewaandikia wakubwa kwamba injini imeuawa na dereva. Ikifika mwisho wa Juni sijaonyesha sababu nyingine, nimefukuzwa, na jina langu litakwenda kila ofisi yenye gari. Unajua vizuri jinsi jina la dereva linavyokwenda. Umeliona likimtokea Baba. Nilikuwa na miaka kumi na mbili. Alirudi nyumbani kwa miguu, akavua kofia yake ya udereva akaiweka juu ya kabati, na mpaka leo iko pale.

Kama kuna kitu unakijua, niambie. Nakuomba kama mtoto wa dada yako.

Atuganile

*

Mbeya, 14 Juni 1976

Atuganile mpwa wangu,

Barua hii nimeiandika mara nne. Salamu nitaziweka mwisho, kama utakuwa bado unazitaka.

Kwanza gari lako, kwa sababu siku zinakwenda. Injini ikiwa baridi kabisa, jaza rejeta mpaka mdomoni, uache kifuniko wazi. Kisha ondoa mkanda wa feni. Ukiuondoa, pampu ya maji haizunguki, na maji hayana sababu ya kucheza. Mwite Bwana Sedekia asimame karibu, atazame ndani ya rejeta. Washa injini, dakika moja tu, isizidi mbili. Maji yakitulia, mimi ni mwongo. Yakianza kutoa mapovu papo hapo, ujue ule ni moshi wa silinda unaopenya na kuingia kwenye maji. Gasketi ya silinda hedi, lile bamba jembamba linalotenganisha moto wa silinda na maji, imeungua. Ndiyo presha yako ya asubuhi. Dereva hawezi kuiona kwenye geji mpaka imeshamtupia maji nje, wala si kosa la gia wala la mwanamke. Toa na plagi zote nne. Moja utaikuta safi kama imeoshwa. Hapo ndipo penye tundu. Gasketi mpya nimeipata kwa dereva wa malori ya Zambia, nimempa aishushe Ipogolo kwenye kituo cha mafuta, imefungwa kwenye gazeti na jina lako juu. Ya zamani usithubutu kuirudisha.

Sasa lile jingine.

Agosti 1967, wiki moja kabla ya siku ile, nililifungua lori alilokuwa akiendesha baba yako. Gasketi mpya haikuwepo mjini. Ningepaswa kusema lingojee. Badala yake niliipaka ile ya zamani rangi ili izibe, nikairudisha, nikafunga, nikamwambia tajiri mwenye lori kazi imekwisha. Nilikuwa na kiburi, nilipenda kuitwa fundi asiyeshindwa.

Asubuhi ya safari baba yako alijaza maji, akawasha, akaniita. "Shemeji, njoo uone hapa." Nikainama. Niliyaona mapovu, Atuganile. Yalikuwa yanapanda moja baada ya jingine, taratibu, kama ya mtu aliye chini ya maji. Nilijua palepale ni nini. Lakini lori lilikuwa limeshapakiwa saruji ya Chunya, tajiri yuko barazani anatazama saa, na kusema ni gasketi kungekuwa kujitaja mwenyewe. Nikamwambia, "Ni hewa tu, itatoka yenyewe." Akanishukuru. Alisema "ndaga, shemeji," akapanda.

Habari zilikuja mchana. Lori limekufa mlimani, injini imepasuka. Walipolivuta kulirudisha, tajiri aliniuliza mbele ya baba yako na watu wote: "Lilipotoka hapa lilikuwaje?" Nikasema, "Lilikuwa zima." Baba yako alinitazama, kisha akatazama chini. Miaka tisa nimekuwa nikienda Chimala kila mwezi kunywa chai na mtu anayejua nilichomfanyia na hanitamkii. Hivyo ndivyo ninavyoamini.

Nilipokuandikia Machi nilitumia maneno yale yale. Sikuyaona mpaka uliponiandikia kuhusu yule mama na damu. Hapo nikaogopa, na nilipoogopa nikakuandikia habari za ukungu.

Jumapili ya kwanza ya Julai nitamwambia. Wewe fanya kipimo.

Salamu ni nyingi, kama utazipokea.

Anania

*

Iringa, 2 Julai 1976

Mjomba,

Nilifanya kipimo tarehe 23. Bwana Sedekia aliinama, na Sista Leokadia akaja na miwani yake. Niliwasha. Sikuhesabu hata hadi kumi, mapovu yakaanza. Bwana Sedekia alisema, "Mkanda si umeutoa?" Nikamwonyesha mkononi. Akasema, "Zima." Akazunguka gari mara mbili, akasema tena, "Washa." Plagi ya tatu ilikuwa imeoshwa. Tulipofungua hedi, gasketi ilikuwa imeliwa kati ya silinda ya tatu na tundu la maji, ufa mwembamba kama uzi. Barua ya onyo imeondolewa kwenye faili mbele yangu, na ufunguo ninao shingoni. Gasketi yako imekaa vizuri. Ahsante.

Nimeandika "Mjomba" hapo juu na nimeshindwa kuendelea na salamu. Nina hasira na wewe, na kila nikipanda Ipogolo salama ni kwa sababu yako. Sijui nivifanye nini vitu hivi viwili. Kofia ile juu ya kabati nimeipangusa vumbi mimi, kila Jumamosi, mpaka nilipokwenda jeshini.

Niandikie ukisharudi kutoka Chimala.

Atuganile

*

Mbeya, 25 Julai 1976

Mpwa wangu,

Nilikwenda. Jumapili ya kwanza nilifika nikanywa chai nikarudi, kinywa hakikufunguka. Nikaona aibu, nikaenda tena Jumapili iliyofuata.

Tulikuwa nyuma ya mashine, kwenye magunia ya pumba. Nilimwambia yote, rangi, mapovu, na neno langu mbele ya tajiri. Kisha akauliza, "Kwa hiyo lingechemka hata kama ningefanya vyema?" Nikamjibu ndiyo.

Akasema, "Mimi sikungoja."

Sikumwelewa. Akanieleza polepole. Lori lilipochemka pale mlimani aliogopa kuchelewa. Badala ya kungoja injini ipoe, alichota maji ya kijito kwa debe, yale ya baridi ya milimani, akayamimina humo. Akasikia injini ikilia tah! mara moja, ikapasuka. Hakumwambia mtu. Alipofikishwa yadi alikuwa tayari kusema kwamba lilitoka na mapovu, kwamba kulikuwa na kitu. Ndipo akanisikia nikisema lilikuwa zima.

"Wewe ndiye fundi," akaniambia. "Nikaamini. Nikajua basi kosa lote ni langu."

Atuganile, aliponitazama siku ile hakuwa ananishtaki. Alikuwa anapokea. Nilidhani kwa miaka yote hii nimemnyang'anya kazi tu. Kumbe nilimpa na kosa langu alibebe pamoja na lake. Nililia pale kwenye pumba mbele ya shemeji yangu, mtu mzima na mvi zangu. Yeye hakulia. Alikwenda kukagua makufuli ambayo alikuwa ameshayakagua. Tulipoagana nilimpa mkono, hakuupokea. Alisema tu, "Dada yako atakufungia mchele." Mchele ninao hapa, hatujaupika.

Jumapili ya kwanza ya Agosti nitakwenda tena. Akinifukuza nitakwenda ya Septemba.

Anania

*

Iringa, 19 Septemba 1976

Mjomba wangu Anania, shikamoo.

Nimeianza barua kwa salamu, umeona. Sisi wazima, sweta la Sista limekuwa langu moja kwa moja, na yule mtoto wa kwenye gari ameota jino, mama yake naye amepona.

Baba alikuja. Hakuandika kwamba anakuja. Ijumaa nilimkuta ameketi kwenye ngazi zangu za nyuma, na kofia ile magotini. Alisema amekuja kuona gasketi iliyoungua, kama nimeitunza. Nilikuwa nimeitunza. Aliishika kwenye mwanga, akapitisha ukucha kwenye ule ufa, akakaa nayo mpaka chai ikapoa.

Jumapili tulikuwa tunarudi kutoka kumpeleka mgonjwa kijijini, Baba pembeni yangu na Sista nyuma. Tulipofika Ipogolo, mwanzo wa mlima, nilisimamisha gari nikashuka, nikazunguka upande wake. Alitoa leseni mfukoni akanionyesha kwanza, kama mimi ni polisi. Ameihuisha kila mwaka, Mjomba. Miaka tisa, na hajagusa usukani. Sista Leokadia alijifanya amelala.

Alikwenda mbele, akafungua boneti, na mkono wake ukaenda wenyewe kwenye kifuniko cha rejeta. Nikasema, "Baba, usikilegeze. Mjomba anasema kibaki kimefungwa." Mkono ukasimama hapo hapo. Akauliza, "Lini alisema?" Nikamwambia Machi mwaka huu. Alicheka, Mjomba. Kicheko kidogo, lakini nilikisikia. Akafunga boneti.

Alipanda kwa gia ya pili, polepole, nami macho yangu hayakutoka kwenye geji. Mshale ulifika katikati ukakaa. Pale juu mjini alizima injini, akashuka, akafungua tena boneti, akauwekea mpira wa juu kiganja, akangoja. Nilimwuliza kama kuna neno la kukuandikia. Alifuta mkono kwenye suruali, akavaa kofia.

"Mwambie shemeji," alisema, "gari ni zima."

Mpwa wako,
Atuganile